Pembe ya Dani

Enzi zetu pale Sindo, kando ya ziwa, mgongo ukiuma hapakuwa na mambo ya kuweka miadi wala kujaza fomu. Ulilala kifudifudi kwenye mkeka, na Dani, nyanya yangu mzaa baba, akaja na pembe yake ya ng'ombe. Sisi watoto tuliacha kamba tuliyokuwa tukiruka, mikono bado inanuka omena, wale dagaa wa ziwani, tukaenda kuchungulia. Dani aliikalisha pembe penye maumivu, akafyonza hewa kwenye kitundu cha nchani mpaka mashavu yakabonyea, kisha akakiziba kwa nta ya nyuki aliyoificha chini ya ulimi. Akiing'oa, ilibaki alama nyekundu ya mviringo. Kucheka kulikuwa marufuku.

"Mkimchekesha pembe itaanguka, na maumivu yatatafuta mtu mwingine," alituambia, nasi tuliamini kabisa. Siku moja nilijifyonza kidevu kwa kikombe cha plastiki, nione kama nami ninao huo ujuzi. Nilienda shule na ndevu za duara wiki nzima. Watoto wa siku hizi wangedhani ni filta ya simu.

Baba alichimba dhahabu Macalder. Alikuwa akirudi nyumbani amejikunja kwa kuinama shimoni. Mwaka mmoja aliamua kubatizwa, na Dani, aliyeimba kwenye kwaya ya kanisa letu, alikuwa ameingoja siku hiyo kuliko hata yeye. Sasa siku moja kabla ya ubatizo mgongo wa Baba ukagoma. Hakuweza hata kufunga kamba za viatu. Wazee wa kanisa walikuwa wameikataza pembe. Kwao ilikuwa uganga tu.

"Mama, niwekee," Baba alimsihi. "Nani ataona mgongo wangu?"

Dani akamwekea. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba ubatizo ni wa majini, na kanzu ni nyeupe.

Baba alipoibuka ziwani kanzu ilikuwa imemganda, na miviringo mitano ikaonekana na kila mtu. Nyimbo zikakatika. Mzee mmoja akauliza hiyo ni kazi ya nani. Baba alifungua kinywa, lakini Dani alikuwa ameshasimama.

"Ni yangu. Mwanangu alitaka kuja kwa Mungu amesimama wima. Nimemsaidia kusimama."

Akaambiwa achague: pembe, au nafasi yake kwenye kwaya. Dani alienda nyumbani, akaileta, akaitupa ziwani kwa mkono wake mwenyewe. Tangu hapo tukiumia alitukanda kwa maji moto na kutuomba msamaha, na hilo liliniuma mimi kuliko mgongo wowote. Baada ya miaka miwili Baba aliacha shimo, maana hakuweza tena kuinama.

Mwezi uliopita zamu ikawa yangu. Nimebeba magunia ya omena miaka mingi, na mwili hausahau. Nikaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia mjini Homa Bay, binti mdogo mwenye adabu, akanipangia vikombe mgongoni na kuvuta hewa kwa pampu ndogo. "Mama, hivi vitalegeza misuli tu," akasema. "Mazoezi ya nyumbani usiyaache." Kwenye kitanda cha pili kijana mmoja alikuwa akipiga picha alama zake aziweke kwenye status. Ajabu ya vijana hawa, hata ugonjwa wanautafutia mashabiki.

Jumapili, kwenda kanisa letu lile lile la kando ya ziwa, nilivaa gauni lililoacha mgongo wazi kidogo, sikufikiria. Baada ya ibada mke wa mchungaji wetu akaziona zile alama, akanisogelea. Nikaikumbuka kanzu ya Baba, nikaanza kujifunika kwa leso.

"Dada," akaninong'oneza, "hao watu wa vikombe wanafungua saa ngapi?"

Nikamwambia, saa mbili asubuhi. Sikumwambia kwamba nyanya yangu alifungua saa zote, wala kwamba pembe yake iko chini ya maji, hatua chache tu kutoka pale tulipokuwa tumesimama.