Spana Iliyotoka Mkononi Mwangu

Aliinyakua spana mkononi mwangu mbele ya zamu nzima, akaifuta kwenye koti lake kana kwamba nimeitia ukurutu, akampa shemeji yake. "Mtu wa milimani na spana, wapi na wapi? Rudi palizini bwana, jembe linakulilia!" Watu wakacheka. Fundi mkuu, aliyeniita mwenyewe asubuhi ile nianze kazi ya usaidizi, akainama kutafuta boliti ambayo haikudondoka.

Huyo mnyang'anyi alikuwa mnyapara wa shamba la mkonge, Kilosa, enzi za Mwingereza. Cheo alikipata kwa kumbebea meneja bunduki ya kuwindia. Kazi nyingine sikumwona akiifanya. Elimu yake ilikuwa moja tu: akishajua umetoka wapi, basi kazi yako ameijua mpaka ufe. Manamba, vibarua wa mkataba waliotoka mbali, wakate majani. Sisi wa milima ya Berega tupalilie. Nami, na darasa langu la pili la misheni, nilimwamini, mjinga mimi. Nilipalilia miaka nikidhani ule uchovu ndio mimi mwenyewe.

Hadi siku ile korona, mashine ya kuchuna majani ya mkonge yabaki nyuzi, ilipokwama, nami nimepeleka maji kiwandani. Fundi akaniambia, "Kijana, shika hapa, kaza." Nikakaza. Nikamuuliza nati ya pili inafanya nini, na ya tatu. Jua likazama sijasikia njaa. Hapo ndipo nilipojijua: mimi ni mtu wa chuma. Tangu siku hiyo mashine ikikwama fundi ananiita, mpaka akaniahidi ile nafasi.

Shemeji mtu alikuwa akilala nyuma ya korona. Alipochoka kulala akaondoka, akaletwa shemeji mwingine. Mimi nilishika jembe mpaka mgongo ukagoma. Na fundi simsamehe, mwoga yule.

Mnyapara sasa ana hoteli ya chai Mikumi. Anawatambia wasafiri kuwa yeye ndiye aliyempa kila mtu kazi inayomfaa. Juzi nilipita, nikamwamkia shikamoo, maana kanizidi umri.

"Marahaba, bwana jembe!" Na wateja wake wakacheka.

Sikutaka chai. Nilimwambia, na hapa narudia: weka birika chini, mzee, unijibu mbele ya hao hao wanaocheka. Ulinipima lini? Kwa kazi ipi uliyonipa nikashindwa?