Hatua Tano za Fundi Kashinje

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi, Misunkumilo. Kashinje Masele anagonga kipande cha reli kinachotumika kama kengele ya kanisa. Ngoo! Papo hapo anabonyeza ulimi wa chuma kwenye marimba yake ya mkononi, anatega sikio, anacheka peke yake.

"Umesikia? Zinaongea pamoja!"

Kashinje, 47, ni fundi baiskeli mjini Mpanda. Spoki zilizochakaa huziponda zikawa ndimi za marimba, na marimba moja huiuza shilingi 3,000.

Leo roho i juu. Saa nne kwaya ina mazoezi ya mwisho, na kiongozi wake, Mwalimu Kasilda, ameshatamka: marimba isipoelewana na kinanda, kesho haipigwi kwenye misa.

"Baba yangu alinifundisha kazi hii, akafa hajaisikia kanisani hata siku moja," anasema Kashinje. "Mimi sikubali!"

Ugomvi uko katikati. Sauti nene ya kuanzia na pacha wake mwembamba wa juu zinakubaliana na kinanda. Lakini kutoka moja hadi nyingine, Kashinje hupanda hatua tano zilizo sawa. Kinanda hupanda saba, na mbili ni fupi. Ulimi wake wa pili unaangukia katikati ya vibonyezo viwili, haupati mwenyeji. Wiki nzima amebandika nta chini ya ndimi ili kushusha sauti, akabandua, akabandika tena.

"Mume wangu kageuka nyuki," anatania mkewe, Nyanzala.

Saa nne wimbo wa matoleo wa Kisukuma unaanza. Balaa! Kinanda huku, marimba kule, waimbaji wanayumba.

"Baba Kabula, imeshindikana," Kasilda anamwambia Kashinje.

Marsela, mwimbaji mkongwe kuliko wote, anasimama. "Samahani Mwalimu. Wimbo huu tuliuimba kabla kinanda hakijaja. Hebu kipumzishe kidogo."

Kasilda anaondoa mikono. Kashinje anabandua nta yote, anapiga. Sauti ishirini zinatua palepale, kwenye hatua zake tano. Weee! Vigelegele vinagonga bati. Kasilda anafunga kinanda mwenyewe.

"Matoleo ni ya marimba," anasema.

Jumapili watu wamecheza hadi mbele ya altare, na Kashinje amelia bila kujificha. Sasa kwaya ya Majimoto inataka marimba sita.

"Njia mbovu ya kwenda huko itazilegeza ndimi zote," Nyanzala anamwambia, "na kule hakuna kengele hii. Utazilinganishaje?"

Kashinje anafumba macho, anaimba sauti moja ndefu. Kisha anagonga reli.

Ni sauti ileile.

"Hii naenda nayo, Mama Kabula."