Siku Kwaya ya Chuo Iliposhindwa Bariadi

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mtu alileta Bariadi alichotaka: mitumba, redio za Dubai, bei za pamba za kila aina. Chuo chetu kikuu kikaona na chenyewe kilete simfonia ya Kijerumani, okestra na kwaya pamoja. Mnunuzi mmoja binafsi wa pamba ndiye aliyetugharimia basi. Tulipigia kwenye ghala la ushirika, ambalo lilikuwa tupu kwa sababu ya wanunuzi kama yeye.

Simfonia ile ina sehemu nne, na kwaya inaimba ya mwisho tu. Huko kwingine kote ni wapiga ala wanaotamba, na nyie wanakwaya mmekaa upande wenu mmefumba midomo. Mimi nilikuwa sauti ya pili. Baba yangu, mkulima wa pamba, alikaa mbele kabisa na majirani; alikuwa ametangazia kijiji kizima kwamba binti yake ataimba.

Sasa, kwetu Usukumani vikundi viwili vikikaa pande mbili za uwanja, hayo ni mashindano ya ngoma. Watu wanahamia kwa anayewafurahisha, na anayebaki peke yake ameshindwa. Violini zikaanza, watu wakahamia kwenye violini. Sisi kimya.

"Mbona binti yako haimbi?" jirani alimuuliza baba, ghala zima likasikia. "Au chuoni walimfundisha kukaa tu?"

Watu wakaangua kicheko. Nilimwonyesha baba kwa mkono angoje kidogo, lakini angoje nini, na ile sehemu ya tatu inakokotwa utadhani mkokoteni umekwama kwenye tope? Roho iliniuma jamani. Mzee wa watu alikuwa ameinamisha kichwa.

Mara akasimama. "Ng'wanone, mwanangu, mnashindwa!" Akavuka hadi mbele ya kwaya, akawageukia watu, akaanzisha wimbo wa ngoma aliokuwa akiuongoza ujanani. Mhadhiri aliyekuwa akiongoza okestra akanitolea macho, utadhani mimi ndiye niliyemzaa baba.

Wimbo ule hauendi bila kuitikiwa. Baba akatoa mstari wa kwanza, kimya. Akaurudia, na safari hii sauti ikamtetemeka. Wenzangu wanaangalia dari. Nikasema liwalo na liwe, nikasimama, nikaitikia kwa nguvu zangu zote.

Weee! Watu walirudi upande wetu mbio. Baba akatoka nje akiimba, umati nyuma yake, na mimi nimo, tukacheza mpaka vumbi likatuvaa. Kwaya ilikuja kuimba sehemu yake mbele ya mabenchi matupu na yule mnunuzi wa pamba, naye alikuwa anasinzia.

Jioni nyumbani, sauti imemkauka kabisa, baba aliniuliza ule wimbo wa Wazungu ulikuwa unasema nini.

"Unasema binadamu wote ni ndugu, baba."

"Ndugu? Mbona ulisimama wewe peke yako?"