Mtunza Sauti za Wakimbizi

Miaka ile Wakongo walipokuwa wakivuka ziwa kwa makundi, chuo kikuu kimoja kilipanga vyumba viwili mjini Kigoma, mtaa wa Mwanga, nyuma ya mafundi cherehani, kikamleta Elinipa kutoka Same awe mtunza takwimu. Mwanamke wa Kipare, mrefu, wa maneno machache. Watu wa mtaani hawakuielewa kazi hiyo. "Takwimu hutunzwaje?" Rozalia mfagiaji aliuliza. "Kwani zinakula?"

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Watafiti walikwenda makambini na redio kaseti, wakimbizi wakasimulia yaliyowapata. Kanda zikifika, Elinipa alisikiliza, akaandika neno kwa neno, majina akayaondoa akaweka namba, kisha akafungia kila kitu kabatini. Maandishi yakishakamilika, sauti ilitakiwa kufutwa. Ndivyo kila msimulizi alivyoahidiwa, maana jina utalificha, lakini sauti ni uso wa mtu.

Akawa anashinda na watu masikioni, na jioni hana wa kumwambia lolote. Angesema nini, na kazi yake ni kunyamaza? Kigoma ni mji wa kusalimiana mpaka mtu achelewe aendako. Yeye alipita kama kivuli, wakamwita mwenye maringo. Chumbani alisonga ugali wa mtu mmoja, akala na dagaa wa kiganja kimoja, akalala.

Sasa katika kanda zile ilikuwapo ya mzee mmoja. Wengine walianza kwa kilio au kwa kiapo. Huyu alianza hivi: "Na wewe utakayenisikiliza, sikujui, lakini habari za nyumbani kwako?"

Elinipa alisimamisha redio. Tangu aletwe Kigoma, hakuna aliyemuuliza habari za kwao. Akajibu, mle ndani peke yake: "Nzuri, mzee. Mama tu, miguu inamsumbua." Tangu hapo kila asubuhi aliifungua kwanza kanda ile, akaulizwa, akajibu. Maandishi yake yalikwisha zamani. Nitaifuta kesho, alisema, na kesho nayo ikazaa kesho.

Asubuhi moja hodi ikabishwa. Akaingia mzee mfupi, kanzu imechakaa lakini safi.

"Habari za hapa, mama?"

Elinipa akainuka kitini. Sauti ni ile ile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Naitwa Assani." Akataja namba aliyopewa kambini. "Mlisema sauti yangu mtaifuta. Nimekuja kuuliza, imefutwa?"

Angesema ndiyo, mzee angeshukuru na kwenda zake, na kanda ingebaki yake.

"Bado," akasema.

Mzee akakaa bila kukaribishwa. "Bado? Mwanangu, kule ng'ambo nilikuwa mwadhini. Sauti yangu wanaijua hata watoto wa mgongoni. Na mle nimewataja waliotuchomea nyumba. Leo napanda boti pale Kibirizi, narudi kwa binti yangu. Sauti hii ikimfikia mtu mbaya, haitaniumiza mimi peke yangu."

"Nisamehe, mzee. Naifuta sasa hivi. Ila redio hii haifuti mpaka irekodi kitu juu yake, nami narekodi kimya. Asiseme mtu humu mpaka upande uishe."

"Nitakaa nione."

Akabonyeza. Wakatazamana, meza katikati. Mtu aliyekuwa akiongea naye asubuhi zote ndiye huyu, pumzi zake anazisikia, na neno moja hawezi kumpa. Alitaka kumwambia kwamba mama sasa anatembea. Alitaka kumuuliza binti yake anaitwa nani. Kanda ikazunguka.

Mara Rozalia mlangoni, ndoo inagonga, akasalimu kwa Kiha: "Mwakeye! Elinipa wee! Umekufa humo, au takwimu zimekung'ata?" Kimya. "Haya, nuna! Salamu inauzwa siku hizi?" Malapa yakaondoka yakilalamika. Mzee akaziba mdomo kwa kofia, mabega yanamtikisika; Elinipa naye akacheka bila sauti mpaka machozi. Tangu afike mji ule hakuwa amecheka na mtu.

Upande ukaisha, kitufe kikaruka. "Mzee," Elinipa akaanza. Lakini mzee alikwisha simama.

"Boti haimngoji mtu. Upande wa pili umebaki?"

"Umebaki."

"Nakuachia uufute mwenyewe. Ungekuwa mwongo ungenidanganya nilipoingia." Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akatoka. Mzee hakumuuliza jina.

Elinipa akaigeuza kanda. Upande ule mzee alisimulia jinsi alivyomfundisha binti yake kuogelea, na mahali fulani alicheka. Kicheko tu, hakina jina la mtu wala nyumba iliyochomwa. Nani angejua? Akaweka kidole kwenye kitufe cha kusikiliza. Kikakaa pale.

Akakiondoa. Akafunga mlango kwa komeo, akabonyeza cha kurekodi, akakaa kitini kwake na mdomo ameufumba. Kiti cha pili kilikuwa bado kimesogezwa mezani, na safari hii kunyamaza hakukuwa na mwenzi.