Siku Nilipojipa Undugu na Bwana Shamba Shembago

Mkiona mzee wa umri wangu anapewa kiti cha mbele kwenye gari anakikataa, anakwenda kubanana nyuma na magunia ya karoti, msimcheke jamani, muulizeni kwanza yaliyomkuta. Aibu hii nimeifunika miaka mingi, na leo naifunua kwa sababu mke wangu amekwenda kwaya, maana akiwepo hunisahihisha kila nikifika pazuri na kunifanya nionekane mpumbavu kuliko nilivyokuwa (na nilikuwa mpumbavu wa kutosha, sihitaji nyongeza).

Jina langu Yona Hoza Shembago. Hilo la mwisho ndilo lililoniponza. Miaka ile ya Ujamaa, ukitaja Shembago huku milimani watu wanakaa vizuri kwanza. Kulikuwa na Bwana Shamba Shembago, yule wa redioni, akielezea mbolea na makabichi mpaka mtu asiye na hata tuta moja anatamani jembe. Kulikuwa na Mchungaji Shembago wa Soni, ambaye akihubiri wazee wa kanisa wanatoa leso. Kulikuwa na Bi Mkunga Shembago, aliyetuzalishia nusu ya tarafa, na Shembago golikipa, ambaye sifa zake nisianze maana hatutamaliza. Wote hao ukoo mmoja, watu wa upande wa Vuga. Halafu nikawepo mimi, Shembago wa Shume, mpanga mbao kiwandani, mashuhuri kwa kukatwa ncha ya kidole na msumeno nikiwa nageuka kumwangalia msichana.

Mimi jina hilo lilinifikia kwa njia yake, nitawaambia. Kiwandani wote waliniita Yona Hoza, jina langu na la baba, na kwa jina hilohilo posa yangu ilipelekwa Soni kwa kina Naomi. Ikapokelewa. Mahari ikaenda, na mbuzi wa mjomba akaenda pia, maana kwetu huchukui binti wa watu kabla mjomba wake hajala mbuzi. Huyo mjomba sikuwahi kumtia machoni, niliambiwa tu anaitwa mjomba Elia, yuko kazini mbali, akija likizo atachinjiwa. Nikasema sawa, nani anauliza habari za mjomba wakati anamuwaza Naomi? Matangazo ya ndoa yakasomwa kanisani kwao Jumapili ya kwanza, yakasomwa ya pili, na hakuna aliyesimama kupinga. Ikabaki ya tatu tu, na Jumamosi inayofuata ndoa.

Sasa Jumamosi, siku moja kabla ya tangazo hilo la tatu, nilitakiwa nishuke Lushoto kuchukua suti kwa fundi, na fundi mwenyewe alikuwa anafunga saa sita, hasubiri mtu. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, basi halikuja, lori la mbao limekwama kwenye matope, na mimi nimesimama barabarani nimevaa viatu vyangu vya harusi (nilitaka kuvizoeza, akili hiyo) nimejifunika gunia kichwani. Ikatokea Landrova ya kilimo. Dereva wake, Mzee Singano, akasimama kuangalia gurudumu, nikamwendea, nikampa shikamoo, nikamwomba lifti. Akasema gari la serikali halibebi abiria, na akasema kwa adabu kabisa, na ningenyamaza hapo leo nisingekuwa na la kusimulia.

Lakini nikatoa kitambulisho changu cha kiwandani chenye majina yote matatu, nikamwekea puani, nikamwambia, "Mzee wangu, utamwacha ndugu yake Bwana Shamba kwenye mvua?"

Najua mtasema siku zile kila mtu alikuwa ndugu, Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, na mimi nilijitetea hivyohivyo moyoni. Ila Mzee Singano aliposoma Shembago uso ulimbadilika, akaniuliza ndugu wa vipi, nikasema baba zetu ni wa babu mmoja, yaani Bwana Shamba kwangu ni kaka. Ikatoka nyepesi kabisa, kama mtu anayetaja siku ya leo. Yule mzee anayelingana na baba yangu akanifungulia mlango wa mbele na kunifutia kiti kwa kofia yake.

Kiti cha mbele kitamu, nisiwafiche. Tulipopita Magamba nilikuwa nawapungia mkono watu nisiowajua. Mzee Singano akawa ananieleza kwamba Bwana Shamba amehamishiwa nyumbani, kwamba leo hii anakaribishwa uwanjani Lushoto na ukoo wote upo, na kwamba atafurahi mno kuniona. Hapo utamu ukaniishia. Nikamwambia anishushe kwa fundi tu, nina haraka. Akacheka, akasema haiwezekani, amlete mdogo wake Bwana Shamba mjini halafu amwache kwa fundi cherehani, kesho atasemaje?

Kwa hiyo nikafikishwa uwanjani. Watu wamejaa, makabichi yamepangwa mezani na viazi ukubwa wa kichwa cha mtoto, kipaza sauti kinakoroma, na meza kuu wamekaa Washembago wote mashuhuri mstari mmoja. Mzee Singano akanishika mkono mpaka mbele na kutangaza kwamba amemleta mdogo wake Bwana Shamba kutoka Shume. Nilimwomba Mungu Bwana Shamba aseme hanijui, niaibike kidogo niende zangu. Lakini mtu mkubwa ana ndugu mia na hawezi kuwajua wote, na zaidi ya yote hawezi kukiri mbele ya watu kwamba amemsahau mmoja. Akasimama, akanikumbatia, akanishika bega na kuuliza kama mimi ni wa ule upande uliohamia juu. Nikasema naam. (Hilo naam moja limenigharimu kuliko suti.) Nikavutiwa kiti katikati ya Mchungaji na Bi Mkunga.

Na ningekaa kimya basi. Ila ilipofika zamu ya ukoo kutoa neno, Bwana Shamba akasema wao wote wamechoka kusema, leo aseme mdogo wetu wa Shume. Nikapewa kipaza sauti. Nilianza kwa kuwasalimu wazee, nikasikia sauti yangu inavyorudi kutoka kwenye miti ya ng'ambo, nene, ya kiume, na ibilisi akaniingia. Nikasema sisi Washembago. Nikasema damu yetu. Nikasema kaka yangu tangu utotoni alipenda udongo (nilijuaje?), na watu wakapiga makofi, na nilivyokuwa nakaa nikajiona kweli nafanana naye pua.

Chakula kikaletwa. Nilikuwa nimeshakipora kiazi cha kuchoma na kukitia mdomoni chote, maana tangu asubuhi sikula, nikaona birika la kunawia limesimama mbele yangu na mikono iliyolishika naijua. Nikainua macho. Naomi wangu, na kitambaa cha kina mama wa mapokezi kichwani.

"Nawa, mjomba," akasema.

Alinimiminia maji polepole, yakanimwagikia kwenye viatu vya harusi, na nyuma yake nikamwona mama yake na sufuria ya nyama. Mkwe wangu. Mkwe ambaye kwa heshima ya kwetu sitakiwi hata kumtazama usoni wala kutafuna mbele yake, na mimi shavu limevimba kiazi, hakimezeki hakitemeki. Mama Naomi akaweka sufuria chini, akamgeukia Bwana Shamba na kumwita Elia.

Elia. Mjomba Elia. Mama Naomi ni dada yake, wamenyonya ziwa moja, ila huku mwanamke akishazaa huitwa jina la mwanawe, na mimi sikuwahi kuuliza mkwe wangu kwao ni wapi. Haya, hesabuni wenyewe: mimi mdogo wake Bwana Shamba, kwa hiyo mimi kaka yake Mama Naomi, kwa hiyo Naomi ni mpwa wangu, na ndoa Jumamosi.

Mama Naomi hakupaza sauti. Alimwambia Mchungaji, "Kesho usisome lile tangazo."

Mchungaji hakuwa amenijua, kwake nilikuwa jina kwenye karatasi tu, Yona Hoza wa Shume. Akanitazama mimi, akamtazama Naomi, akaelewa, akavua miwani. Mama Naomi akaeleza taratibu kwamba wazee wangu walipokuja kwake na posa walisema asili yao ni Unyamwezi, hawana undugu na yeyote huku, naye akaridhika. Leo ametoka jikoni kasikia kwa kipaza sauti kwamba mimi ni damu yake. Basi ama nilimdanganya nyumbani kwake, ama nawadanganya watu hapa, na kwa vyovyote vile yeye binti yake hampi mwongo. Bwana Shamba naye akaanza kucheka kisha akaacha katikati, akasema kwa mshangao wa kweli, "Kumbe juzi nimemla mbuzi wa mdogo wangu?"

Nikakimeza kile kiazi kizima, nikasema kwa sauti ndogo, pale mezani tu, kwamba mimi si ndugu, naomba radhi. Mama Naomi akatikisa kichwa. Akasema, "Ulisema kwa kipaza sauti, kanusha kwa kipaza sauti."

Nilimwangalia Naomi. Alikuwa amekumbatia birika kifuani, macho yamemjaa machozi, na nikajua nikikaa kimya hapo nimempoteza, kesho tangazo halitasomwa wala Jumapili nyingine yoyote. Nikasimama. Watu wakapiga makofi wakidhani nimebakiwa na hotuba.

Nikawaambia. Kwamba mimi si mdogo wake Bwana Shamba, nilitaka lifti tu, mvua ilikuwa kubwa. (Hapo uwanja mzima ulicheka, mpaka wauza mapea kule barabarani.) Nikawaambia babu yangu aliletwa kutoka Unyamwezi kukata mkonge bondeni Korogwe, enzi za wakoloni, akashindwa na kipigo, akatoroka kupanda huku juu. Mzee mmoja Shembago akamficha kwenye kihenge cha mahindi, na askari walipokuja kumtafuta mzee yule akawaambia aliyemo ndani ni mwanangu. Akaandikwa hivyo, na ndivyo tulivyoandikwa mpaka leo. Nikasema hilo ndilo jina langu, na leo nimelitumia vibaya, na Naomi si mpwa wangu, ni mchumba wangu, kama bado ananitaka. Sauti yangu ikarudi kutoka kwenye miti, safari hii nyembamba kama ya mbuzi.

Bwana Shamba akasema, naye hakuhitaji kipaza sauti, "Habari ya mtu wa kihenge babu alitusimulia tukiwa wadogo. Yule mzee alisema uongo kuokoa roho ya mtu. Wewe mjukuu umeusema kwa ajili ya kiti cha mbele."

Nimetukanwa mara nyingi maishani, na kiwandani kuna matusi ya kila kabila, lakini hakuna neno lililowahi kuniingia kama hilo. Nililia pale, tena mbele ya mkwe. Yeye Bwana Shamba akaniambia nikae nile, jina nibaki nalo kwa kuwa lilitolewa kwa wema, ila nisilipandishe gari tena. Mbuzi wa kwanza amemla kama mjomba na hamrudishi, sasa anadai wa pili, faini ya uongo. Mchungaji akaongeza la kwake, kwamba waumini wametangaziwa jina pungufu, kwa hiyo matangazo yanaanza upya, Jumapili tatu, na mara hii atasoma majina yangu yote matatu pamoja na asili yangu. Na alisoma. Na kila Jumapili kuna mtu alikohoa kwa makusudi.

Suti nikaikosa, fundi alishafunga. Mzee Singano alinipita njiani nikirudi Shume kwa miguu, viatu nimevibeba mkononi. Alipunguza mwendo, akanisalimia vizuri, akaenda zake. Naomi hakunisemesha mpaka tangazo la pili la awamu mpya, na neno la kwanza alilonipa lilikuwa mjomba, nalo ananiita mpaka kesho nikimuudhi.

Nikala kiapo: sitajitaja kwa undugu na mtu mkubwa yeyote, hata awe nani. Nimekishika. Sasa sikilizeni, binti yetu wa tatu amesoma, amekuwa daktari, na huku milimani wakihesabu Washembago mashuhuri siku hizi wanaanza naye. Mwaka juzi goti lilinisumbua, tukaenda mimi na mama yake hospitali anakofanya kazi, foleni imezunguka jengo. Nesi akasoma kadi yangu, akaniinamia kwa heshima, "Shikamoo mzee, una undugu na Daktari Shembago?"

Nikamwambia hapana mwanangu, ni jina tu.

Tulikaa kwenye benchi mpaka saa nane, Naomi kanuna. Mlango ukafunguliwa, binti akatoka na koti lake jeupe, akatuona, akashika kiuno, akauliza mbele ya foleni nzima kwa nini baba yake amekaa huku nje tangu asubuhi.

Mama yake akamjibu kabla yangu. "Mwache mjomba," akasema, "anaogopa kudaiwa mbuzi."