Plasta ya Kiprono

Jamani, leo wivu umenifunga mguu.

Nabandika karatasi hii mlangoni mwa kantini kabla Kiprono hajawasimulia vibaya.

Tangu asubuhi kampi yote ni Kiprono, Kiprono. Ameumia kwenye mazoezi ya mpira, dresa wa zahanati amemfunga plasta nyeupe kwenye kifundo, na wasichana wa kuchuma chai wanampa pole kila hatua. Mimi nimekaa benchi mwaka mzima. Nani amewahi kunipa pole?

Saa saba nikaenda kwa dresa nikichechemea.

“Nimeteguka.”

“Wapi?”

Nikamwonyesha mguu wa kulia. (Nilikuwa nikichechemea kwa mguu wa kushoto!)

Mzee wa watu hakuuliza. Akanizungushia plasta mpaka karibu na goti, juu ya nywele zote.

Natoka, huyu hapa kapteni wetu.

“Onyango! Nakutafuta. Dresa amemkataza Kiprono kucheza kesho, kwa hivyo namba yake ni ya...”

Akaona mguu wangu.

“Ah. Pole.”

Haya, pole nimepata.

Anayejua kubandua plasta bila kung'oa nywele aandike hapa chini.

Kiprono asiandike.