Jumapili za Ukumbi wa Temeke

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye sendofu ya binti wa shangazi, Temeke, ukumbi uleule niliokulia jirani yake. Nilimwomba meneja tuwaingize kina mama watatu wenye ngoma, wamsindikize bibi harusi mlangoni tu. Akasema ukumbi wake haupokei ngoma, wateja hawapendi kelele. Alikuwa akinipigia ukelele sikioni, maana maspika yalikuwa yanatikisa vioo. Nilirudi kwenye kiti changu, na pilau sikulimaliza.

Wewe uliyekua mitaa hii utanielewa. Enzi zetu Jumapili alasiri ukumbi ule ulikuwa wa kila mtu. Sie wasichana tulifagia na kumwagia maji sakafu, huku nje bibi yangu na wenzake, wanawake wa Kimakonde waliohamia kutoka kusini, wakiwasha makaratasi na makuti kukausha ngozi za ngoma zao. Moshi ule ulichanganyika na harufu ya mihogo ya kukaanga na pilipili ya ndimu. Hadi leo nikisikia harufu ya makuti yakiungua, miguu inataka kucheza.

Mwenye ukumbi, mzee wa Kizaramo, alikuwa na utaratibu wake. Kila Jumapili vikundi vitatu, na hakuna kikundi kinachopiga Jumapili mbili mfululizo. Kwa hiyo ungekuta taarabu, kisha sindimba ya kina bibi, kisha jirani yetu fundi cherehani kutoka Dodoma na zeze lake, peke yake, watu kimya. Kuna bendi moja yenye jina ilitaka ipewe Jumapili zote. Mzee aliwakatalia mbele yetu.

"Nyie mnaweza kupiga popote," aliwaambia. "Huyu wa zeze nikimnyima hapa, atapiga wapi?"

Mzee alipofariki, ukumbi ukashikwa na mpwa wake. Wiki chache tu baadaye kina bibi walifika kama kawaida, vitenge sare, ngoma zimeshapashwa moto, wakakuta geti limefungwa. Mpwa akatoka, akamwamkia bibi shikamoo kwa adabu zote, kisha akamweleza kwamba Jumapili zote sasa ni za ile bendi. Atakayetaka siku, aje na wateja wake wa kujaza ukumbi.

Bibi akamuuliza kwa nini hakutuma hata mtu kuwaambia. Akajibu kwamba ilimpitia.

"Imekupitia," bibi akasema, "na sie tunapita hapa kila siku kwenda sokoni."

Akageuka, akawaambia wenzake waanze. Wakapiga palepale nje, juani, na watu wa mtaa wakatoka majumbani. Mie nilicheza hadi kitenge kikanifunguka. Mpwa akaamuru maspika yageuzwe yaelekee getini, muziki ukafunguliwa hadi mwisho. Kina bibi hawakusikiana tena. Waliumaliza wimbo kwa kutazamana mikono.

Hawakurudi. Fundi naye hakuitwa tena; alipiga zeze chumbani kwake miaka kadhaa, akahamia Mbagala, nikampoteza. Bibi aliweka ngoma uvunguni, panya wakala ngozi. Nilimwomba anifundishe kupiga, akasema nikimaliza shule. Nilipomaliza alikuwa kitandani, mkono wa kulia haunyanyuki.

Siku hizi hodari wa kuzungumza wanasema ngoma zimekufa zenyewe, eti vijana ndio hawakuzitaka. Nikisikia hivyo damu inanichemka. Mie nilikuwa kijana pale getini. Nilizitaka, na hakuna aliyeniuliza.